Sauti Yangu na Uji wa Shule

Nimesoma mpaka darasa la tatu. Nalisema mwanzoni ili mtu asije akalivumbua huko mbele akadhani nilikuwa nalificha. Baba alipofariki mimi ndiye nilikuwa mkubwa, nikaacha daftari nikashika jembe, baadaye nikaja mjini kubeba magunia ya watu mpaka shingo ikawa ngumu hivi mnavyoiona. Mashine ya kusaga niliyonayo Nangara niliinunua mbovu. Niliitengeneza mwenyewe kwa kusikiliza inavyolia. Hakuna fundi aliyenishika mkono. Hapa Babati hata asiyenijua sura ananijua sauti, maana mtu aliyekaa na injini miaka thelathini anapayuka hata akiwa msibani.

Kwa hiyo yule mwalimu alipokuja na karatasi zake nilimwona mtoto.

Ni binti mdogo kweli, anafundisha darasa la sita katika shule moja ya msingi hapa mjini, shule ambayo mimi ni mjumbe wa kamati yake. Siitaji jina, wanaoijua wanaijua. Siku ya kikao alisimama na karatasi mbili. Ya kwanza iliomba tumruhusu kipindi kimoja kwa wiki, kabla ya saa ya uji, awafundishe watoto kuzipima habari za kwenye simu: nani kasema, kajuaje, picha imepigwa wapi, na mtu awe na adabu gani anapomsema mwenzake mahali ambapo watu elfu wanasikia. Ya pili ilikuwa barua ya kwenda halmashauri. Alitaka jambo hilo lipande juu, liwe somo la lazima kwa shule zote za serikali, lisiwe hisani ya mwalimu mmoja anayeweza kuhamishwa kesho.

Nilicheka, na wenzangu wakacheka kwa sababu nimecheka.

"Mwalimu," nikamwambia, "watoto hawa simu wenyewe hawana."

"Za wazazi wanazishika, mzee. Wengine ndio wanaowasomea wazazi wao."

Hapo alinichoma bila kujua. Nyumbani kwangu ujumbe wa maandishi ukiwa mrefu, mjukuu wangu wa kike ndiye anayenisomea. Sikutaka wajumbe walijue hilo.

"Mimi simu nani kanifundisha?" nikasema. "Nimeishika mwenyewe. Na mashine nimeishika mwenyewe. Wafundishe hesabu, mtoto ajue debe na gunia. Hayo mengine atayakuta mbele."

Mama mmoja mwenye duka la vitenge, mjumbe mwenzangu, akapiga makofi. "Mzee wa Mashine akishasema, kikao kimefungwa! Twendeni tukapike."

Na kweli kikafungwa. Mwalimu alizikunja karatasi zake, akazirudisha kwenye mkoba, akasema, "Asanteni wazazi wangu." Angenijibu vibaya ningefurahi, ningepata cha kumlaumu.

Sasa niwaeleze kuhusu hiyo simu. Ni simu ya kupangusa, aliniletea mwanangu anayekaa Arusha. Kuandika kwangu ni kazi, kidole ni kinene na herufi ni ndogo. Lakini nilipoonyeshwa kwamba unaweza kubonyeza, ukaongea, ukaachia, na sauti yako ikaenda, nilisema hii ndiyo simu. Sisi tuliokulia huku, wazee wakikaa kusikiliza shauri, karatasi haina nguvu. Karatasi anaweza kuandikiwa mtu yeyote. Unaambiwa simama, fungua mdomo, sema mbele ya watu uliyoyaona. Ukishasema kwa mdomo wako umejifunga, na ukisema uongo watu wanakuona machoni. Ndivyo nilivyofundwa. Kwa hiyo maandishi ya kwenye simu sikuyaamini sana, lakini sauti niliiamini kama ninavyomwamini mtu aliyesimama mbele yangu. Hilo ndilo kosa langu. Vijana hawalifanyi hilo, wao wana makosa yao. Hili ni la watu wa umri wangu.

Unga wa uji wa shule ile unasagwa kwangu. Wazazi wanachanga mahindi, shule inayaleta, mimi nasaga bure, na sikatai kwamba napenda jambo hilo lisemwe. Kila Jumatatu asubuhi unga ulichukuliwa na mpishi wa shule, mama mjane wa kijiji cha Sigino aliyekuwa akija mjini kwa miguu kabla jua halijachomoza. Alikuwa anaweka mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko, analeta unga wa chini puani, ananusa. Nilikuwa namtania.

"Mama, unaninusia unga wangu kama mtu anayenunua samaki?"

"Baba, wewe unasagia watoto mia nne, mimi ndiye ninayewanywesha. Niache ninuse."

Binti yake alikuwa darasa la sita, dawati moja na mjukuu wangu. Wanaazimana kalamu.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida, wateja wengi, mavuno yameingia. Saa nne hivi ya asubuhi nikatoka nje kuvuta pumzi, nikafungua simu. Kwenye kundi la wazazi kulikuwa na picha na sauti. Picha ya watoto wamelala sakafuni, wengine macho yamegeuka. Sauti ilikuwa ya mwanamke analia. "Jamani wazazi wa Babati, amkeni, watoto wanakufa, uji wa shule una sumu, mimi wa kwangu nimempoteza leo."

Alilia kama wanavyolia mama zetu. Na Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu, kile kizito cha mtu aliyekikuta shuleni baada ya lugha ya nyumbani. Ningeapa ni mama wa Dareda au wa huko juu. Sikujiuliza ni nani. Nilimsikia, basi.

Chini ya sauti ile watu walikuwa wanaulizana. Halafu mzazi mmoja akatuma sauti fupi: "Hivi unga wa shule yetu unasagwa wapi?" Mwingine akajibu: "Si kwa Mzee wa Mashine."

Nilihisi joto likipanda kuanzia miguuni. Sio kwa ajili ya watoto, na hapa nisidanganye. Niliona mashine yangu. Niliona foleni ya wateja ikihamia kwa jirani. Nikabonyeza, nikasema, na injini inalia nyuma yangu:

"Wazazi, mnanijua. Hii ni sauti yangu, hamna haja ya kuuliza ni nani. Unga ukitoka kwangu ni safi. Miaka thelathini nasaga, hakuna aliyeumwa tumbo. Kama kuna kitu kimeingia kwenye uji, msikiulize kwangu. Kiulizeni jikoni."

Haikufika nusu dakika. Nikaachia, ikaenda, nikarudi ndani kusaga. Nilijiona nimefanya kazi ya mtu mzima.

Mashine ikiwa inazunguka huwezi kusikia simu. Niliizima karibu na saa sita ili nile, na kabla sijanawa dereva wa bodaboda akasimama mlangoni ameshika kofia yake.

"Mzee, umetisha! Wameshaenda."

"Nani wameenda? Wapi?"

"Wazazi, shuleni. Si umesema jikoni? Sauti yako iko kila mahali, mpaka shemeji yangu wa Katesh amenirushia."

Nilipanda bajaji bila kuvaa shati la kutokea, na unga kichwani. Tulipofika geti lilikuwa wazi na upande mmoja umeng'oka. Uwanjani uji umemwagika, sufuria ile kubwa imelala ubavu, kuku wa jirani wanadonoa pembeni ambako umepoa. Watoto walikuwa wamefungiwa madarasani, nyuso zimejaa madirishani. Watu niliowakuta pale sio wahuni. Ni wateja wangu. Yule mama wa vitenge alikuwa ameshika upawa wa jikoni kama rungu.

Mpishi mwenyewe, mwalimu mkuu alikuwa amewahi kumsukumia ndani ya stoo ya unga na kufunga kwa nje, akasimama mlangoni na funguo mfukoni. Lakini kabla ya hapo sufuria ilikuwa imeshapigwa teke, na uji ulikuwa unachemka, na mguu wake ulikuwa pale.

Baba mmoja akaniona akapaza sauti. "Huyu hapa! Tunakusubiri wewe, mzee. Sema."

Wote wakanigeukia. Mimi, ambaye sauti yangu inapita injini, nilisema kidogo sana. Nilisema, "Mimi sikutaja jina la mtu."

Ndiyo maneno yaliyonitoka. Sikusema rudini nyumbani, wala sikusema sijui kitu. Nilijitetea kwa mara ya pili siku hiyo hiyo.

Polisi walikuja wakamtoa wamemfunika khanga kichwani, kama wanavyotolewa wezi, ingawa walisema ni kwa usalama wake. Alikuwa anachechemea. Alipofika nilipokuwa nimesimama aliona viatu vyangu chini ya khanga ile, vinajulikana kwa unga. Akasimama kidogo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba," nikajibu. Mdomo ulijibu peke yake.

Bwana afya alichukua unga, akachukua na uji uliobaki, vikapimwa. Safi. Mpishi akaachiwa, akarudi kwake Sigino. Hakuna mtoto wa shule yetu aliyeumwa hata kichwa, wala hakukuwa na mtoto aliyekufa kwa uji mahali popote hapa kwetu. Yule mwanamke aliyelia hajajulikana mpaka leo. Sijui alikuwa wa wapi, sijui alikuwa analilia nini, wala kama alilia kweli.

Jioni ile mjukuu wangu alichukua simu mezani bila kuniomba. Akafungua picha.

"Babu, hawa watoto ni wa wapi?"

"Wa shule."

"Shule gani? Angalia sare."

Nikaangalia. Mashati yalikuwa ya njano, suruali za kahawia. Wa kwetu wanavaa shati jeupe na bluu chini, hata mlevi wa Babati analijua hilo. Ukutani nyuma ya watoto kulikuwa na maandishi ya lugha ambayo si Kiswahili. Nilikuwa nimeitazama picha ile asubuhi na sikuona hata kimoja.

"Mtu akikuletea mahindi," akasema mjukuu, "unachukua moja unang'ata kwa meno. Yakiwa na unyevu unamrudisha, hata kama ni padri. Hii mbona hukuing'ata?"

Ningemchapa miaka ya nyuma. Nilimwambia alete chakula.

Baada ya wiki mbili nilikwenda Sigino. Nilibeba gunia la unga wa dona kwenye bodaboda, unga wa mahindi yangu mwenyewe, maana sikujua mtu anakwendaje mikono mitupu mahali kama pale. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, mguu umefungwa bandeji, anachambua maharage. Aliniamkia, akanipa kiti, akamwita binti yake alete maji ya kunywa. Adabu yote ilikuwepo. Ilinitesa kuliko matusi.

Nikasema nilichokwenda kusema. Kwamba nimekosa. Kwamba shule inamhitaji, na nitakwenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu arudishwe jikoni.

"Nimekusamehe, baba," akasema haraka, kama mtu anayesogeza kitu ili aone kilicho nyuma yake. Kisha akachukua simu yake, ndogo, kioo kimepasuka, akabonyeza. Sauti yangu ikajaa uani. *Kiulizeni jikoni.* Na injini yangu nyuma.

"Nimetumiwa hii na watu tisa," akasema. "Dada yangu yuko Singida, kaipata huko. Mchungaji kaipata. Wewe unaniomba nirudi jikoni. Mimi nakuomba hii uitoe. Unaweza kuitoa?"

"Nitaongea nyingine. Nitasema wewe ni msafi."

"Ongea."

Nikaongea pale pale, mbele yake. Nikasema jina langu, nikasema nilisema nisilolijua, nikasema mama huyu hana kosa. Nikairusha kwenye lile kundi. Watu watatu waliweka alama ya mikono inayoomba. Mmoja akaandika pole mzee. Basi. Yule wa bodaboda nilimuuliza kama shemeji yake wa Katesh ameipata hii ya pili, akacheka. "Mzee, hiyo nani airushe? Haina kitu ndani."

Ile ya kwanza mpaka leo inaamka. Juzijuzi mtu wa Magugu alileta mahindi akaniambia, "Wewe ndiye yule wa jikoni?"

Nilipotaka kuondoka Sigino mama yule alisimama kwa fimbo kunisindikiza, nikamwambia asihangaike na mguu. Akaonyesha gunia. "Baba, unga huo urudi nao."

"Ni zawadi."

"Najua. Lakini nikiupika mtoto wangu akaumwa tumbo, hata kwa embe bichi, nitasema nini mimi?" Akaegemea fimbo. "Nitarudi jikoni siku watakapoacha kumwita binti yangu Sumu. Huko shuleni wanamwita hivyo. Mjukuu wako hakukuambia?"

Hakuniambia. Nilifunga gunia langu kwenye bodaboda nikarudi nalo mjini, na kila niliyempita njiani niliona kama anajua.

Kikao kilichofuata cha kamati nilifika wa kwanza. Nikamwambia yule mwalimu azitoe karatasi zake mbili. Alikuwa nazo bado kwenye mkoba, pembe zimekunjika.

Mama wa vitenge akaguna. "Mzee, si wewe uliyesema wafundishwe debe na gunia?"

"Nilisema. Nilisema ujinga. Na wewe ulishika upawa."

Hakuna aliyecheka. Nilizisaini mimi kabla ya mwenyekiti, herufi kubwa moja moja, na wote wakaona ninavyoandika kwa taabu. Sikuficha. Nikasema na sharti moja: somo la kwanza litumie sauti yangu. Mwalimu akasema hapana, mzee, tutatafuta mfano mwingine. Nikasema mfano mwingine wa nini wakati wa kwangu upo na kila mtoto ana nakala nyumbani?

Siku ya somo hilo nilikwenda nikakaa nyuma kabisa, magoti hayaingii chini ya dawati. Watoto waliniamkia kwa pamoja. Mjukuu wangu hakugeuka kunitazama. Karibu yake alikuwa binti wa mpishi, amenyoosha mgongo.

Mwalimu akacheza sauti. Wengine wakaanza kuchekelea kwa sababu wanaijua kwa moyo, mmoja akaiigiza pamoja na mlio wa injini. Mwalimu akasubiri. Kisha akauliza, huyu anayesema, aliona jikoni? Hakuona. Alimwuliza mtu aliyeona? Hapana. Basi kwa nini tulimwamini?

"Kwa sababu ni mzee," akasema mmoja.

"Kwa sababu ana sauti nene."

"Kwa sababu amesema mnanijua."

Mwalimu akaandika yote ubaoni. Akauliza, na yeye mwenyewe, kwa nini alisema? Mtoto mmoja wa mbele, wala sikumjua ni wa nani, akasema, "Alikuwa anatetea mashine yake."

Nilikuwa sijalisema hilo kwa mtu yeyote, hata Sigino sikulisema. Mtoto wa miaka kumi na miwili alilijua kwa muda mfupi kuliko wa kufunga kamba ya gunia.

Nikasimama. Nilitaka kusema lile nililokuwa nimeliweka akiba tangu siku ile uwanjani, kwamba angalau sikutaja jina la mtu. Nilikuwa nimefungua mdomo tayari. Binti wa mpishi akanyoosha mkono.

"Mwalimu, cheza tena mwisho."

*Kiulizeni jikoni.*

"Hakutaja jina," akasema, anatazama ubao, hanitazami mimi. "Lakini jikoni alikuwa mtu mmoja."

Nikakaa. Mwalimu aliugeukia ubao akaliandika na hilo, chini kabisa, na chaki ikavunjika akaokota kipande akamalizia.

Barua iko halmashauri. Hatujajibiwa. Nimekwenda mara mbili kuulizia, nikaambiwa mtaala unatoka juu. Nimewaambia ninajua unatoka juu, ndiyo maana nimeleta barua, maana huku chini darasa moja linafundishwa na madarasa mengine yote yanatumiwa sauti. Nitakwenda tena. Mimi nilijitengenezea mashine mwenyewe na bado najisifu kwa hilo, lakini mashine ikinikata kidole inanikata mimi. Hii simu niliyopewa mkononi bila mafunzo ilimuunguza mtu mwingine, na mimi nilikuwa nasaga, sina habari.

Siku ile ya somo kengele ililia, watoto wakatoka mbio na vikombe kupanga foleni ya uji. Jikoni kuna mpishi mpya sasa. Unga bado nasaga mimi. Binti wa mama wa Sigino hakwenda kwenye foleni. Alikaa kwenye ngazi za darasa, akafungua mfuko wa nailoni, akatoa kiazi kitamu kilichochemshwa, akamkatia mjukuu wangu nusu.

Nikamuuliza, "Hunywi uji, mama?"

"Mama amenikataza, babu. Anasema siku mtu akiumwa tumbo, mimi nisiwe nimepita hata karibu na sufuria."

Alisema kawaida tu, na mdomo umejaa kiazi.